Lenzi Iliyowekwa Rumande

Simu ililia Kiguunjia akiwa amelala chali juu ya paa la nyumba ya wageni, ugenini, akipiga picha suruali za watu asiowajua zikicheza kwenye kamba.

"Njoo unipige picha ya msiba," ilisema sauti ya Shangazi, bila salamu, bila habari za siku nyingi.

"Msiba wa nani, Shangazi?"

"Wangu."

"Kwani umekufa?"

"Bado. Ndiyo maana nakwambia uje mapema."

Kiguunjia aliketi. Shangazi alikuwa hajamsemesha tangu siku ya Pua, na yeye alikuwa ameshakata tamaa, kwa hiyo hata mwaliko wa msiba aliupokea kama zawadi.

Habari zenyewe zilikuwa mawe. Nyongo ya Shangazi ilikuwa imejaa mawe, na daktari alitaka kuyatoa. "Anasema ni operesheni ndogo," alisema Shangazi. "Ndogo kwake. Yeye atakuwa amesimama, mimi ndiye nitakayekuwa nimelala."

Basi hakuwa anaogopa kufa, au hivyo ndivyo alivyodai. Alichoogopa ni picha. Mdogo wake alipofariki, ukoo ulitafuta picha yake nyumba nzima, ukaambulia moja ya harusini, ukamkata kutoka kwenye kundi la watu. Wakamkata vizuri, ila walisahau mkono. Picha iliyobebwa mbele ya jeneza ilimwonyesha marehemu akiwa na mkono wa mwanamume begani, mkono wenye saa kubwa na chupa ya soda. Mkono wa nani? Mpaka leo ukoo haujui, na mjane wa kiume hajaacha kuuliza.

"Mimi sizikwi na mkono wa mtu," alisema Shangazi, akakata simu.

Hapa lazima ielezwe habari ya Pua, maana bila Pua hakuna hadithi.

Kiguunjia jina lake hilo alipewa na familia kwa sababu ya miguu yake, ambayo haijapata kukaa mahali pamoja ikamaliza chai. Alikuwa mpiga picha wa safarini. Majarida yalimtuma stesheni, mipakani, sokoni na kwenye vivuko, naye alirudi na nyuso za watu. Alikuwa na lenzi moja aliyoipenda kuliko wanaume wote aliowahi kuwajua: lenzi pana, fupi, nene, yenye jicho lililotokeza kama la chura. Lenzi pana humeza ukumbi mzima, lakini uso haiujazi mpaka umsogelee mtu sana. Kiguunjia alisogea. Alimkaribia mtu mpaka akajua alichokula asubuhi. Huo ndio uliokuwa mtindo wake, na mtindo huo ukampa umaarufu.

Kati ya safari mbili alipita nyumbani kwa Shangazi, aliyemlea tangu utotoni, akamkuta jikoni akifoka juu ya majani ya chai. Akampiga picha hapo hapo, kamera ikiwa shibiri moja kutoka usoni. Sasa, pua ya ukoo ule si pua ya kuchezea hata ikiwa imetulia. Mbele ya lenzi pana, ilitoka kama inakimbilia kazi. Ilitangulia, uso ukafuata, masikio yakabaki nyuma yakipunga mkono.

Picha ilipelekwa kwenye maonyesho, ikakuzwa mpaka ikatosha ukuta. Shangazi aliletwa ukumbini amevaa gauni lake bora kabisa, amewaalika askari wenzake wote wa zamani, maana alikuwa amestaafu kutoka kikosi cha usalama barabarani na mji mzima ulimwita Afande. Alisimama mbele ya pua yake. Ilikuwa na urefu wa mtu. Mwandishi mmoja wa gazeti akaandika kwamba pua ile inasimulia historia ya bara zima.

"Pua yangu haisimulii kitu," Shangazi alisema. "Inapumua." Kisha akatoka, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo yao.

Na picha ile ndiyo pekee iliyokuwepo, ukiacha za vitambulisho. Mambo yakiharibika kwenye kile kitanda cha hospitali, Shangazi angeagwa na umma akiwa Pua. Kiguunjia alilijua hilo vizuri alipokuwa akifunga mizigo, na halikumpa raha.

Alifika asubuhi. Gari la kumpeleka Shangazi hospitali lingekuja alasiri.

Shangazi alikuwa sebuleni, amekaa wima kwenye kiti, amevaa lile gauni la maonyesho na kandambili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Usinisogelee. Weka silaha zako mezani."

Kiguunjia alifungua begi, akazipanga lenzi juu ya kitambaa cha meza. Shangazi alizikagua kama anayekagua madereva walevi, moja baada ya nyingine, mikono nyuma.

"Nani kati ya hawa alikuwa zamu siku ile?"

Kiguunjia aliinyooshea kidole ile nene.

"Jina lake?"

"Ishirini na nne. Ndizo milimita zake."

"Hilo ni jina la mfungwa."

"Shangazi, kusema kweli siyo lenzi inayovimbisha pua. Ni umbali. Hii pana inanilazimisha nikusogelee. Nikikusogelea, pua inakuwa karibu na kamera kuliko masikio, kwa hiyo inatoka kubwa. Hii ndefu inanilazimisha nikae mbali, na kutoka mbali pua na masikio vinalingana, hakuna kinachojitia mbele."

Shangazi alifikiri. "Kwa hiyo kosa ni kukaa karibu na wewe."

"Kwa namna fulani."

"Ningejua nisingekulea." Aliichukua lenzi pana, akaifunga kwenye leso, akaiweka kabatini kati ya birika la wageni na sahani zisizotumika, akafunga kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani. "Iko rumande. Upelelezi unaendelea."

"Shangazi, nina safari wiki ijayo, ile ndiyo kazi yangu."

"Hakuna dhamana."

Wakaanza na hamsini, lenzi ya kati, isiyomsifia mtu wala kumsengenya. Kiguunjia alirudi nyuma hatua chache, akalenga. Na hapo Shangazi, aliyekuwa akiongea tangu alfajiri, aliganda. Kidevu kikapanda, midomo ikajifunga, macho yakatazama ukuta kama yanasubiri wimbo wa taifa. Maisha yake yote kamera ilikuwa kitu cha kitambulisho cha kazi, na mwili wake ulikuwa haujasahau.

"Tabasamu, Shangazi."

"Nimetabasamu."

"Wapi?"

"Ndani."

Binamu, mtoto wa kiume wa Shangazi, kijana mnene wa ofisi za bima, alikuwa ameegemea mlango akitafuna ndizi. "Dada, haya yote ya nini? Simu yangu ina kamera tatu." Akampiga mama yake picha, akacheza na vidole kidogo, akaonyesha. Kwenye kioo alikuwepo msichana wa miaka ishirini, mwenye macho ya sungura na pua ndogo kama punje ya harage.

"Huyu ni nani?" aliuliza Shangazi.

"Ni wewe, Mama."

"Huyu akifa, mimi siendi kwenye msiba wake."

Ikabaki lenzi ndefu. Kiguunjia hakuwa nayo ya kwake, aliidharau tangu alipomaliza stashahada. Alikuwa ameiazima kwa rafiki anayepiga picha za ndege.

"Ndege?" Shangazi aliuliza. "Sasa mimi ni korongo?"

Kiguunjia alilenga kutoka pale alipokuwa. Akaona tundu moja la pua, ambalo kwa siku ile halikuwa dalili njema. Akarudi mpaka ukutani: akaona mdomo. Akarudi mpaka jikoni: akaona mdomo, kidevu, na Binamu. Ikabidi Shangazi ahamishiwe barazani na kiti chake, naye Kiguunjia arudi nyuma getini, na bado gauni halikuenea. Akavuka barabara. Ng'ambo palikuwa na kinyozi. Akapanda kizingiti cha kinyozi, akageuka, akaweka jicho, na hatimaye Shangazi akaingia mzima kwenye fremu, kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Dada, unaniziba mwanga," alisema kinyozi. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Nampiga picha Afande."

"Afande?" Kinyozi alizima mashine. "Afande mwenyewe? Alishanikamata mimi kwa kutembea."

"Kwa kutembea?"

"Alisema natembea kwa kasi."

"Na mimi huku vipi?" aliuliza mteja, akishika upande wake wenye nywele.

"Wewe subiri, hakuna unayekwenda kumwoa leo."

Kiguunjia hakuwa amezoea kazi ya namna hii. Kwa mbali hivi hakusikia harufu ya mtu, wala pumzi yake, wala hakuweza kumchokoza kwa mnong'ono. Kila agizo lilikuwa la kupigiwa kelele. "Shangazi! Kidevu chini!" "Nini?" "Kidevu!" "Ndivyo kilivyo!" Wapita njia walianza kusimama na kutoa ushauri. Mama mmoja mwenye kikapu alishauri Shangazi ainame kidogo. Shangazi alimshauri mama yule aende zake.

Kisha wapita njia walipita, Binamu akaingia ndani kujibu simu, na Shangazi akadhani kazi imesimama kidogo. Huenda aliona kwamba mtu aliye ng'ambo ya barabara hawezi kumwona. Hakujua lenzi ya ndege inavyofanya kazi.

Kiguunjia aliona. Aliona weupe wa macho ya Shangazi umegeuka manjano. Aliona gauni la maonyesho linavyopwaya mabegani, lile lile lililokuwa linambana. Aliona vidole vikipapasa mkono wa kiti, vikienda na kurudi, na midomo ikisema maneno yasiyo na sauti, na uso wote ukiwa umeachia kamba zake zote kwa mara moja. Mwanamke yule alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kama mtoto aliyeachwa mlangoni mwa shule. Miaka yote ya kulelewa naye, na hata siku ile ya kumsogelea mpaka kwenye kope, Kiguunjia hakuwahi kuuona uso huo. Ilibidi avuke barabara ndipo auone.

Kidole kikabonyeza. Vidole vya wapiga picha ni vibaka, haviombi ruhusa. Na papo hapo alijua kwamba ile ndiyo picha, ile ambayo wenye kumbi za maonyesho wangesimama mbele yake na kutoa vitambaa mfukoni wajifute macho.

Alikuwa bado anaitazama kwenye kioo cha kamera wakati dunia ilipogeuka godoro.

Lori refu lenye magodoro hadi angani lilikuja likasimama katikati, kati ya kinyozi na baraza. Dereva akazima injini, akatoa simu, akaanza kuongea na mtu kuhusu duka asilolijua lilipo.

"Kaka, sogeza lori," alisema Kiguunjia. "Tunapiga picha."

"Barabara ya baba yako hii?"

"Shangazi yangu anaenda hospitali leo, tafadhali."

"Basi apande, nampeleka," alisema dereva, akacheka na kurudi kwenye simu yake.

Ng'ambo kiti kilisikika kikisukumwa. Kandambili zikapiga lami, taratibu, kwa mwendo ambao madereva wa mji ule waliujua kuliko mapigo ya mioyo yao. Kiguunjia hakumwona, magodoro yalikuwa yamemziba, lakini aliisikia sauti.

"Leseni."

"Mama, wewe nani…" Dereva aliinamisha kichwa dirishani. Simu ikamtoka mkononi. "Afande! Afande, nilisikia umestaafu."

"Waliostaafu ni wale walioniambia nistaafu. Hapa ni mahali pa kuegesha?"

"Hapana, Afande."

"Rudi nyuma. Na unaporudi tazama kioo, usinitazame mimi, mimi sigongwi."

Lori likarudi nyuma kwa adabu, likapiga mlio wake wa kurudi kama linaomba radhi, na kadiri magodoro yalivyopungua ndivyo Shangazi alivyotokea. Alikuwa amesimama katikati ya barabara. Gari lililokuja upande wa kulia alilisimamisha kwa jicho. La kushoto alilipitisha kwa kidole. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuyaongoza magari yale, yangejipitia yenyewe, lakini nani angemwambia? Mgongo ulikuwa umenyooka. Gauni lilikuwa limepata tena mwenyewe. Kinyozi alikuwa amesimama wima mlangoni, mashine kifuani, na mteja wake nusu kichwa alikuwa amesimama nyuma yake.

Kiguunjia alipiga picha. Alipiga tena. Na kwa kuwa miguu yake haikuwa imesoma habari yoyote ya lenzi ndefu, ilianza kufanya ilichozoea. Ilimsogelea. Ilishuka kizingiti, ikashuka ukingo, ikaingia barabarani, jicho likiwa limezama kwenye kamera na masikio yamefungwa, na wala hakuiona pikipiki iliyokuwa ikichomoka kichochoroni kando ya kinyozi.

Kwenye fremu Shangazi aligeuka. Mkono ukapaa, kiganja wazi, kikamwelekea yeye. Mdomo ukafunguka.

"Wewe mtoto! Simama hapo hapo!"

Kiguunjia alisimama. Kidole kikabonyeza chenyewe. Pikipiki ikapita mbele yake ikamtimulia vumbi viatuni, na mwendeshaji akageuka kutukana, akaona kiganja, akameza tusi zima zima.

Barazani walizipitia picha pamoja, Shangazi amevaa miwani ya kusomea, akipumua kwa nguvu, jasho limemwagika na uso umewaka.

"Rudi nyuma. Hii hapana. Hii nimefumba macho. Hii ni magodoro, umeyapiga vizuri magodoro." Kisha kidole chake kikasimama. Kwenye kioo palikuwa na yule mwanamke wa kitini, vidole kwenye mkono wa kiti.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Hii futa."

"Ni nzuri, Shangazi. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga."

"Ndiyo maana."

Kiguunjia alishika kamera. Aliwaza ukumbi, ukuta, taa zikiimulika ile picha kutoka juu. Aliwaza na vitambaa vikitoka mifukoni. Akaifuta, akageuza kioo ili Shangazi ahakikishe kwa macho yake.

"Endelea," alisema Shangazi.

Ya mwisho ilikuwa ya kiganja. Mkono umesimama kando ya uso, hauuzidi uso kwa ukubwa, kila mmoja na nafasi yake. Nyuma lori, magodoro, gari limesubiri. Macho yanawaka. Mdomo uko wazi katikati ya amri.

"Pua?" aliuliza Shangazi.

"Tazama mwenyewe."

Aliisogeza kamera, akaitenga, akaisogeza tena. Pua ilikuwepo, tena pua ya kutosha, lakini ilikuwa imekaa pale ilipopangiwa, kama askari aliye zamu.

"Hii," alisema Shangazi.

Binamu aliinama kutazama. "Mama, hii ya msiba? Watu wamekuja kukuaga kwa huzuni, wanafika mlangoni, wewe unawasimamisha?"

"Wasimame. Wanakimbilia wapi? Na atakayekuja na mkono wake wenye saa na soda, ataniona kabla sijamwona."

Akacheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu mawe hayakupenda kicheko. Gari lilipokuja, alipanda mwenyewe, akakataa kushikwa. Dirisha likashuka.

"Ufunguo wa kabati ninao," alimwambia Kiguunjia. "Naenda nao."

"Mpaka chumba cha operesheni?"

"Watautoa wao kama wanaweza."

"Na lenzi yangu?"

"Nikirudi, kesi itasikilizwa. Nisiporudi…" Alitazama mbele. "Vunja kabati. Lakini usivunje birika."

Wiki ya safari ikaja. Kiguunjia aliliandikia jarida kwamba kifaa chake cha kazi kiko mikononi mwa vyombo vya dola na kwamba hawezi kusafiri. Halikuwa neno la uongo. Alilala sebuleni kwa Shangazi, mbele ya kabati, na hakuligusa. Binamu alimwambia bisibisi moja ingetosha. Alimwambia Binamu aende akatafune ndizi. Picha ya kiganja ilikuwa imeshachapishwa na kutiwa fremu, imegeuzwa uso ukutani nyuma ya kochi, na kila alipopita karibu nayo alitembea polepole, asije akakamatwa kwa kasi.

Shangazi alirudi asubuhi moja, amekonda, anatembea kama aliyebeba trei ya mayai, macho meupe pe! Hakusalimu mtu. Aliigeuza ile picha, akaitazama, akamwamuru Binamu aipigilie msumari barazani, ikitazama geti. Tangu hapo wauza vyombo na wahubiri wa mtaani hufika getini, huona kiganja, husimama, na wengi wao hugeuka wenyewe.

Kisha akatoa ufunguo. Alifungua kabati, akapita birika, akaifungua leso, akaishika lenzi pana kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya.

"Mshtakiwa Ishirini na nne," alisema. "Umeachiliwa kwa masharti."

"Masharti gani, Shangazi?"

Shangazi alichomoa kichupa cha hospitali kwenye mkoba, akakitingisha. Vilivyokuwa ndani vililia kama njugu. Akavimimina mezani juu ya kitambaa: vijiwe vya kahawia, vidogo, vya aibu, kikubwa chao hakizidi punje ya mahindi.

"Nimewaambia wenzangu wote kwenye simu kwamba yalikuwa makubwa," alisema. "Sasa sogea. Sogea kabisa, kama ulivyonifanyia mimi. Kesho wanakuja kutazama picha."